Ukiichora Singida Kama Toscana, Utaikosa

Mkoa wa Singida una kilomita za mraba zipatazo 49,000. Toscana ya Italia, pamoja na Florence, Siena, Pisa na Lucca yake, inakaribia 23,000. Yaani Toscana mbili zinaingia ndani ya Singida na bado panabaki mahali pa kulishia ng'ombe. Lakini fungua mchezo wa kimkakati wa kihistoria kama Crusader Kings, ule wa kompyuta ambamo mchezaji hupewa ufalme, jeshi na hazina, kisha utazame ramani yake. Toscana imekatwa vipande kama nyama ya mgawo, kila mji na eneo lake, rangi yake na ngao yake. Singida haimo kabisa.

Kwenye michezo ya ubaoni hali ni hiyohiyo. Risk, mchezo uliobuniwa na mtengeneza filamu wa Kifaransa Albert Lamorisse na kutoka mwaka 1957, umeigawa Afrika nzima sehemu sita. Moja ya sehemu hizo inaitwa Afrika Mashariki, na inapakana na Misri upande mmoja na Madagaska upande mwingine. Mtu anayerusha dadu hapo anavuka Unyamwezi, Ugogo na Pwani yote bila kujua amevuka nini.

Victoria 3, mchezo wa kompyuta uliotoka 2022 na unaoanza na dunia ya mwaka 1836, umejitahidi zaidi. Ndani yake watu wa bara letu wana majina na maeneo. Ila wengi wamewekwa katika kundi la nchi zisizo na serikali kuu, na kanuni za mchezo hazimruhusu mchezaji kuzichukua nchi hizo. Zinaweza kuasi na zinaweza kutawaliwa, lakini hakuna anayeweza kukaa upande wao na kupanga. Mchoraji wa ramani hiyo hakukosea kusema kwamba hapakuwa na mfalme. Kosa lake ni kudhani kwamba pasipo na mfalme hapana mkakati.

Mimi ni mmoja wa watu wenye ugonjwa wa ramani. Kwa muda sasa nimekuwa nikichora, kwanza kwenye karatasi za manila na baadaye kwenye kompyuta, ramani ya mchezo wa nchi ya kati ya Tanganyika katika karne ya 19: kutoka Ugogo hadi Unyanyembe, na kutoka Ukimbu hadi Ziwa Eyasi, Singida ikiwa katikati. Jaribio la kwanza nililitupa lote. Nilikuwa nimechora Italia na kuipachika majina ya Kirimi, lugha ya Wanyaturu.

Italia ya zama za kati inapendwa na wabunifu wa michezo kwa sababu za haki. Milima ya Alps imeifunga kaskazini, Apennines imeipasua katikati kama uti wa mgongo, na bonde la mto Po limeacha uwanja mpana wa kupigania. Juu ya ardhi hiyo ikaota miji yenye kuta, na ukuta ni rafiki wa mchoraji kwa sababu unaonyesha pa kuzingira. Kisha kuna makaratasi. Mwaka 1427 Florence ilifanya hesabu ya kodi iitwayo catasto, ikaandika kaya zipatazo 60,000 za mjini na vijijini, watu wake, mali zao na madeni yao. Anayetaka kujua kijiji fulani cha Toscana kilistahili kulipa kodi kiasi gani anafungua daftari.

Hata hivyo, ramani ya Italia nayo ina uongo wake, na uongo huo ndio ulionifundisha zaidi. Baada ya majeshi ya miji ya Lombardia kumshinda Kaisari Frederick Barbarossa huko Legnano mwaka 1176, na mkataba wa Constance kutiwa saini mwaka 1183, Milan ilikuwa ya nani? Kaisari alibaki bwana kwa jina. Miji ilijichagulia watawala, ikajenga kuta zake na kujitungia sheria. Mchoraji mwenye rangi moja tu kwa kila kipande atasema uongo, achague rangi ya Kaisari au rangi ya Milan. Tena ndani ya kuta zenyewe kulikuwa na Guelfi waliomuunga mkono Papa na Ghibelini waliokuwa upande wa Kaisari, jirani na jirani, mnara kwa mnara. Ukiteka lango hujateka mtaa. Kwa hiyo tatizo la Singida si geni kama linavyoonekana. Ni tatizo lilelile la kudhani kwamba mamlaka ni maji yanayojaza chombo hadi ukingoni. Italia imeweza kulificha kwa sababu ina kuta. Singida haina pa kulificha.

Tuanze na vyanzo, maana mchoraji hula alichopewa. Katika miaka ya 1850 wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann walikaa Pwani wakiwauliza wasafiri wa misafara juu ya bara. Ramani waliyoitoa ilionyesha ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la konokono asiye na kombe. Wasomi wa Ulaya waliicheka. Mimi siicheki. Kila msafiri aliyeulizwa alisema kweli: ukienda magharibi, kwa njia yoyote, mwisho utafika kwenye maji makubwa. Aliyeunganisha maji matatu kuwa moja ni mchoraji. Habari ilikuwa ya njia, yeye akaigeuza kuwa habari ya eneo. Huo ndio mtego wa kwanza, na wabunifu wa michezo wanautegua vibaya hadi leo.

Baada yao wakaja Richard Burton na John Speke mwaka 1857, Speke tena na James Grant, kisha Henry Stanley. Tippu Tip aliacha masimulizi ya maisha yake kwa Kiswahili, na humo misafara inaonekana kwa jicho la mwenye mzigo badala ya jicho la mgeni. Wajerumani wakaja na ramani zao za vipimo vya 1:300,000. Katika karne ya 20 Harold Schneider aliandika juu ya uchumi wa Wanyaturu, Marguerite Jellicoe juu ya maisha na upinzani wao, na Aylward Shorter juu ya Wakimbu. Ni akiba nzuri kuliko watu wanavyodhani. Kasoro yake ni kwamba wale wa mwanzo waliandika walichokiona kando ya njia ya misafara. Kilichokuwa siku mbili kaskazini ya njia hakikuandikwa, na kwenye ramani zao pakaachwa peupe. Unyaturu ulikuwa huko kaskazini ya njia.

Umbo la ardhi lenyewe siku hizi ni rahisi. Vipimo vya miinuko vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani mwaka 2000 vinapatikana bure, na programu ya kuvichora nayo ni bure. Kijana mwenye kompyuta ya kawaida pale Singida mjini anaweza kupata ukingo wa Bonde la Ufa, uwanda wa Iramba na mteremko wa Sekenke kwa alasiri moja. Ila vipimo hivyo ni vya leo. Havijui mbung'o alikuwa wapi mwaka 1870, wala pori lililokatwa kuwa shamba, wala kisima kilichokauka.

Ukitazama nchi yenyewe, utaona ukanda wa kusini, Manyoni na Itigi ya leo, ambao wasafiri waliuita Mgunda Mkali. Mgunda ni shamba kwa Kinyamwezi, na ukali wake ulikuwa kiu. Ni vichaka vya Itigi, vizito kiasi cha kumpotezea mtu dira, na miombo yenye mbung'o, na maji ya kubahatisha. Katikati ni uwanda wa Unyaturu wenye mawe makubwa ya matale, maziwa ya magadi kama Singidani na Kindai, na mashamba ya uwele na mtama. Kaskazini ni Iramba na Isanzu, kisha mbuga ya Wembere inayojaa maji wakati wa mvua, halafu Ziwa Eyasi na nchi ya Wahadzabe, ambako Wasukuma walikuwa wakifunga safari kufuata chumvi. Watu wa kanda hizi walijuana, waliuziana, walioana na kuibiana ng'ombe, lakini hakuna aliyewahi kuziweka pamoja kuwa kitu kimoja. Mkoa wenyewe ulizaliwa mwaka 1963. Mchezo wenye kipande kiitwacho Singida katika mwaka 1870 una kosa kabla haujaanza.

Basi mchoraji atumie kipimo gani? Njia zilizozoeleka ni vipande vyenye mipaka kama majimbo ya Italia, au vyumba vya pembesita vilivyotapakaa kama sega la nyuki, ambavyo michezo ya Civilization ilivianza mwaka 2010 baada ya kuacha miraba. Pembesita zinafaa kwa vita ya bunduki uwandani. Kwa Mgunda Mkali ni adhabu. Zinampa mchezaji uhuru wa kwenda popote, hali msafiri wa kweli hakuwa na uhuru huo hata chembe. Alikwenda palipo na maji.

Njia ya tatu, ambayo kwenye karatasi yangu imeshinda, ni ya vituo na mapito: doa kwa kila kambi yenye maji, na mstari kati ya doa na doa wenye idadi ya siku za mwendo. Nchi iliyo kati ya mistari haina mwenyewe kwenye mchezo, ingawa ina wanyama, asali na watu wanaoijua. Hapa lugha yenyewe inasaidia kuliko ramani ya Mjerumani. Wapagazi walikuwa na neno tirikeza. Maana yake ni kupika na kula kabla ya mchana, kujaza vibuyu, kuondoka jua likiwa kali, kulala porini bila maji, kisha kuamka alfajiri na kusukuma hadi kisima kinachofuata. Hiyo ni kanuni kamili ya mchezo, imekaa ndani ya neno moja. Mbunifu anachopaswa kufanya ni kuandika kwamba mstari wenye alama ya tirikeza unakula vibuyu, na msafara usio na vibuyu unaanza kupoteza watu.

Majina ya mahali nayo ni kanuni. Mashariki ya Ugogo palikuwa na Marenga Mkali, maji machungu. Baada ya Mgunda Mkali msafara uliingia Tura, na Burton aliambiwa kwamba jina hilo ni amri ya kutua mzigo. Katikati palikuwa na Mdaburu, penye maji na chakula, na Jiwe la Mkoa, ambako Wakimbu walikuwa wamefyeka pori na kuanza kulima. Msafiri aliyesikia majina haya kwa mpangilio alikuwa amekwisha kupewa ramani.

Kipimo cha siku kina faida nyingine. Burton na Speke waliondoka Pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakaingia Kazeh, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, siku 134 pamoja na vituo. Siku nyingi katika hizo hazikuwa za kutembea. Baadhi yake walikaa Ugogo wakijadiliana hongo. Watemi wa Kigogo hawakuwa na ukuta wala ngome ya kuziba njia, walikuwa na visima. Anayemiliki maji katika nchi kame ameshika lango, na hongo ilikuwa bei ya lango hilo, ikilipwa kwa merikani, kaniki, shanga na waya wa shaba. Vitabu vya wazungu viliiita unyang'anyi. Mabwana wa Italia waliotoza ushuru kwenye mapito ya Alps na kwenye madaraja ya mito walifanya jambo lilelile, na kwenye michezo yao ushuru huo unaitwa mapato ya biashara. Kwenye ramani yangu hongo inalipwa kwa vitu viwili, nguo na siku, na mara nyingi siku ndizo zinazouma zaidi.

Zinauma kwa sababu ya mvua. Italia inalijua hili. Barbarossa aliingia Roma mwaka 1167 akiwa mshindi, na katika joto la Agosti maradhi yakalimaliza jeshi lake ndani ya majuma machache. Mbunifu mzuri wa ramani ya Italia huweka homa ya kiangazi kando ya Roma. Kwetu mambo ni makali zaidi, kwa kuwa mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Burton alivuka Mgunda Mkali mwezi wa Oktoba, akalia kiu. Speke alipita tena Desemba 1860, safari hii na Grant, akakuta mito imefurika, njaa imeingia na wapagazi wanatoroka. Hadi wanafika Kazeh mwishoni mwa Januari 1861 msafara ulikuwa umechakaa. Nchi ni ileile na njia ni ileile. Kwa hiyo ramani moja haitoshi, zinatakiwa mbili zinazopishana: ya kiangazi, ambamo Wembere ni njia na visima ni vichache, na ya masika, ambamo visima ni vingi na Wembere ni ziwa.

Sasa twende kwenye mamlaka, ambako kazi yote imelala.

Upande wa Ukimbu mambo yanakaribia kufanana na Italia. Nyungu ya Mawe, mtu wa ukoo wa kitemi kutoka Unyanyembe, jina lake likimaanisha chungu cha mawe, alijijengea dola katika miaka ya 1870 kwa kutumia rugaruga, vijana wa vita wasio na kwao. Aliweka wawakilishi wake katika nchi alizoziteka, kazi yao ikiwa kumkusanyia pembe. Huyu mchezo wa kawaida unamuelewa: ana makao, ana jeshi, ana kodi. Mirambo wa Urambo naye ni hivyo hivyo. Angalizo moja tu. Wote wawili walikufa mwezi mmoja, Desemba 1884. Dola ya Mirambo ilianza kusambaratika mapema. Ya Nyungu ilirithiwa na mwanamke, Mugalula, na ikaendelea kusimama. Mbunifu anayedhani kwamba dola za rugaruga zilikuwa mtu mmoja na bunduki zake aanze kwa kueleza tofauti hiyo.

Isanzu, upande wa Mkalama, ni kisa kingine. Utemi wao ulikuwa wa jozi, mtemi mwanamume na mtemi mwanamke, na kazi iliyowapa heshima ilikuwa mvua. Mchezo wa Kiitalia una mahali pa kumweka Papa, mtu asiye na jeshi kubwa ambaye kila mwenye jeshi anamhitaji. Mtemi wa mvua anaweza kukaa hapo, mradi mbunifu asimfanye mchawi wa katuni. Anayemshambulia anahatarisha mvua ya majirani zake wote, na hao majirani watakuwa na la kusema.

Halafu Wanyaturu, au Warimi kama wanavyojiita, pamoja na matawi yao ya Wahi, Wanyinganyi na Wilwana. Hawa hawakuwa na mtemi wa wote. Walikuwa na koo, ardhi ya koo, wazee, na waganga wa mvua. Nyumba zao zilikuwa tembe ndefu zilizotawanyika, kila kaya kwenye shamba lake lililorutubishwa kwa samadi. Schneider, katika kitabu chake cha 1970, alionyesha jinsi nafaka ya ziada ilivyogeuzwa kuwa mifugo, na mifugo kuwa ndoa na uhusiano. Hazina ya Mnyaturu ilikuwa inatembea kwa miguu minne na kukopeshwa kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili ugonjwa au uvamizi wa Wamasai usiimalize kwa usiku mmoja. Nionyesheni benki ya Siena yenye akili kuliko hiyo. (Najua Siena ilikuwa na mabenki mengi mno. Ndiyo maana nimeitaja.)

Mwaka 1875 ulimwengu ulipewa nafasi ya kuona nchi isiyo na mfalme inavyopigana. Stanley alikuwa ameondoka Bagamoyo Novemba 1874. Kutoka Ugogo hakuifuata njia ya Mgunda Mkali, alikata kaskazini kuelekea Ziwa Victoria kupitia Urimi. Njaa iliwapiga porini. Edward Pocock, mmoja wa vijana wake wa Kiingereza, akafa kwa homa Januari 17 mahali anapopaita Chiwyu. Siku chache baadaye wakapiga kambi Vinyata. Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, chanzo cha ugomvi kilikuwa maziwa yaliyoibwa na mtu wa msafara, na fidia ya nguo ililipwa. Vita ikazuka hata hivyo, ikaenda siku tatu kuanzia Januari 23. Alipeleka vikosi pande mbalimbali kuchoma makazi. Kikosi kimoja kilikaribia kuangamizwa chote, na alipoteza watu zaidi ya ishirini, wenye bunduki, mikononi mwa watu wenye pinde na mikuki. Kisha akaondoka. Februari 27 alikuwa kando ya Ziwa Victoria.

Weka tukio hilo kwenye ramani ya Toscana. Stanley amechoma vijiji, adui ameacha uwanja, basi rangi ya kipande inabadilika na hazina inaongezeka. Hakuna kilichobadilika. Hapakuwa na lango la kufunguliwa, wala mtu wa kusalimu amri kwa niaba ya wengine, wala sanduku la kodi. Kulikuwa na yowe lililokimbia kutoka tembe hadi tembe na kuwakusanya wanaume kutoka pande ambazo mgeni hakuzijua. Nchi iliyomzunguka ilikuwa jeshi lililokuwa linalima.

Mbunifu afanyeje? Baada ya kufuta mara nyingi nimefika hapa. Katika Unyaturu ramani haina miji, ina kaya, na kila kaya ina nyuzi zinazoiunganisha na nyingine: ukoo, ndoa, ng'ombe wa kukopeshana, mganga mmoja wa mvua. Ukiigusa kaya, unazigusa zote zilizo kwenye uzi. Anayecheza upande wa Wanyaturu hatoi amri, anafuma. Mwaka wa mavuno anakopesha ng'ombe, anaoza, analipia mganga, na siku ya yowe nguvu yake ni hesabu ya nyuzi alizofuma. Anayeshambulia anaweza kuchoma kaya nyingi apendavyo, asipate jimbo hata moja. Hapo ndipo Singida inapoweza kuifundisha Italia. Kanuni hizohizo ukizirudisha Florence, zitaeleza Guelfi na Ghibelini vizuri kuliko rangi za michezo iliyopo.

Wachezaji wa bao wataielewa hoja hii upesi. Kwenye bao la Kiswahili kete ni 64, mashimo 32, na hakuna shimo linalobaki la mtu kwa sababu alilitwaa jana. Nguvu iko kwenye mzunguko wa kete, na kete ulizozila zinageuka kuwa zako na kuendelea kutembea. Mtu aliyekulia kwenye bao anashangaa kidogo anapoambiwa kwamba mkakati ni kupaka ardhi rangi.

Suala la mwaka wa kuanzia linaonekana dogo, nalo lina siasa nzito. Ukianza 1884, utapata Mirambo na Nyungu wakiwa wamebakiza miezi, na Mjerumani yuko mlangoni: mchezo mzima utakuwa msiba. Ukianza 1857 utapata nchi ambayo bado inajitengeneza, Wakimbu wanafyeka Mgunda Mkali, Unyanyembe haijaingia katika vita vyake vya urithi. Mimi naanza 1857. Mwisho nauweka mbali kidogo, 1908, mwaka ambao Wanyaturu waliwainukia Wajerumani, na ambao masimulizi ya Singida yanamkumbuka Liti Kidanka, mwanamke aliyewatuma nyuki wakawapige askari. Uwanja wa mpira wa Singida unaitwa Liti leo. Nyuki wake wataingiaje kwenye kanuni? Kwa heshima, na mara moja tu katika mchezo.

Kuna jambo ambalo haliruhusiwi kupambwa. Njia hii ilibeba pembe za ndovu, na ilibeba watumwa. Michezo mingi hutatua aibu hii ama kwa kuifuta, ama kwa kuifanya bidhaa yenye alama ndogo karibu na chumvi na nguo. Yote mawili nayakataa. Kwenye ramani yangu watu waliotekwa hawaingii kwenye hazina. Wanatoka kwenye kaya, na kaya iliyopotezewa watu hairudi kuwa kama ilivyokuwa hadi mchezo unakwisha. Mchezaji akitazama ramani mwaka 1890 aone mapengo yaliko, na ajue ni nani aliyeyafanya. Na wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba mizigo ya frasila mbili, kama kilo 32, kwa ujira na kwa fahari ya kazi yao, wasichanganywe na watumwa kama wanavyochanganywa kwenye picha za vitabu vya shule.

Majina ndiyo yanayonisumbua hadi leo. Stanley anaandika Vinyata, Mangara, Suna, kwa masikio ya mtu aliyekuwa anaumwa na njaa. Ramani za Kijerumani zina tahajia yao, vituo vya reli vina yao. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, ilipita humohumo kwenye Mgunda Mkali, ikakuza Manyoni na Itigi na kuacha baadhi ya kambi za zamani zikifa kimyakimya vichakani. Italia haina tatizo hilo. Lucca ni Lucca tangu Warumi.

Kati ya Mdaburu na Tura, kwenye karatasi yangu, bado kuna madoa mengi ya maji yasiyo na jina. Msomaji wa Itigi, Mitundu au Mgandu mwenye babu au bibi anayekumbuka mahali ambapo wazee walikuwa wakijaza vibuyu kabla ya bomba na kabla ya treni, amuulize leo mahali hapo paliitwaje, na aliandike jina hilo kama linavyotamkwa kwao.